Je, Yafaa Kijana Ajifunze Udukuzi?

Kijana mmoja wa hapa Shinyanga, fundi wa simu, alinijia na swali nisiloweza kulijibu siku ile. Alisema, "Mchungaji, nataka kujifundisha udukuzi. Je, ni dhambi?" Nikamwuliza maana yake. Akanijibu, "Ni kujua jinsi ya kuingia katika kompyuta pasipo neno la siri la mwenyewe." Nikamwambia, sisi twauita wizi. Akanyamaza, kisha akasema, "Na fundi wa makufuli je?"

Neno hilo limenisumbua, maana ni kweli. Asiyejua jinsi kufuli linavyofunguliwa hawezi kutengeneza lililo imara, wala mtambo wa benki haulindwi na mtu asiyejua mwizi apitia wapi. Wengine husema ujuzi ni kama jembe, ubaya u mkononi mwa mtu tu. Mimi sikubali upesi hivyo. Jembe halimvuti mtu akalime shamba la jirani, bali ujuzi huu huvuta, kwa kuwa hakuna amwonaye mwenye kuujaribu.

Ndugu zetu wachimbaji wa Geita watanielewa. Mwamba wenye dhahabu haujui mipaka; hupita chini ya leseni ya mtu, ukaendelea chini ya leseni ya mwenzake. Aufuataye hata akavuka, amevuka, ijapokuwa hakutoa gramu moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yanena vivyo hivyo: kuingia katika kompyuta ya mtu kwa makusudi pasipo haki ni kosa, hata kama hukuchukua kitu. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 3,000,000, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili.

Basi mwanafunzi aanzie wapi? Ajifunze kwanza jinsi kompyuta zinavyosemezana, maana hauoni ufa asiyejua ukuta ulivyojengwa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hupatikana bure, na kompyuta kuukuu yaitosha. Ajifunze na lugha moja ya programu, kama Python. Kisha achimbe katika kiwanja chake mwenyewe: iko programu iitwayo WebGoat, iliyofanywa na kasoro makusudi ili wanafunzi waivunje. Aiweke katika kompyuta yake, aitenge na mtandao, aivunje apendavyo. Kazi ni ndefu, tena yachosha. Aahidiwaye kuyajua yote kwa juma moja, kwa malipo, anaibiwa yeye.

Tena ajue kwamba ujumbe ule usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii," hauvunji kompyuta yo yote. Mzee mmoja wa usharika aliupata siku ambayo kweli alidaiwa, akatuma fedha za mahari ya mwanawe. Dawa ya jambo hilo haimo katika Linux.

Kijana yule alirudi kwangu. Katika simu ya mwenye duka mmoja, aliyompa aitengeneze, aliona namba ya siri ya fedha zake imeandikwa wazi. "Nikimwambia," asema, "atanidhania mwizi." Nikamwambia amwambie, nami nikaenda naye. Mwenye duka alikasirika sana, kisha akaibadili namba ile mbele yetu. Simu zake sasa hupeleka kwa fundi mwingine.