Maswali ya Tabibu Kitandani pa Mgonjwa

Mtu wa Sekenke apelekwapo hospitali kuu ya Moshi, Mwanza au Dodoma, huenda akajiwa kitandani na daktari kijana mwenye karatasi. Ataulizwa mambo ambayo hayaonekani kuhusu dawa: nyumbani hulala watu wangapi, maji huteka wapi, mashimoni amefanya kazi miaka mingapi. Kisha ataombwa kutia sahihi au dole gumba. Wako wanaonung'unika, wakisema, "Tumekuja kuponywa, wala hatukuja kuhesabiwa." Neno hili si la kupuuzwa.

Kijana huyo ni daktari kamili anayesomea ubingwa, kazi ya miaka mitatu au minne. Kabla ya kupewa shahada yake hana budi kufanya uchunguzi na kuuandika. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, huwafundisha vijana wa namna hii, na tangu mwaka 2010 chuo chake kilisaidiwa na Serikali ya Marekani ili wajifunze uchunguzi kwa bidii zaidi. Lakini madaktari wetu ni wachache. Je, saa ya kuhesabu haijaibwa kwa mgonjwa angojaye?

Twaona sivyo, maana kutibu bila kuuliza huweza kuwa kutibu gizani. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Angeweza kumhudumia na kumwita mwingine. Yeye akauliza kwa nini, akaziandikia barua hospitali nyingi, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari maelfu ya maili akitafuta ugonjwa huo waonekana wapi. Watoto wenye saratani hiyo leo hupona kwa dawa, nao ni wengi.

Tuutazame na mwamba wetu. Mchimbaji akikohoa mwaka mzima, daktari asiyeuliza atampa dawa ya kifua kikuu na kumrudisha shimoni. Aulizaye atajua kwamba vumbi la mawe huyatia mapafu makovu yasiyoponyeka, tena huyafanya yashikwe upesi na kifua kikuu chenyewe, na ya kuwa maji yakimwagwa penye kupasua mawe, vumbi hupungua. Swali moja hapa lina faida kuliko chupa nyingi za dawa.

Lakini manung'uniko yana haki mahali pengine. Dhahabu ya Sekenke ilichimbwa zamani za Wajerumani, na mwaka 1916 ikapigwa Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Siku hizi sarafu hizo hutafutwa ng'ambo na wapenda vitu vya kale. Sekenke ilibakiwa na mashimo. Maarifa nayo yaweza kuondoka vivyo hivyo. Kwa hiyo twafurahi kwamba wanaouliza sasa ni watoto wa nchi hii, wajuao lugha ya mgonjwa. Hata hivyo mtoto wa nchi naye aweza kuchukua majibu ya watu mia mbili, akapata shahada, na kitabu chake kikalala kabatini. Huyo naye amechimba akaondoka.

Si lazima iwe hivyo. Jirani zetu wa Haydom, katika hospitali ya Kilutheri, walichunguza jinsi watoto wachanga wanavyokosa pumzi, wakawazoeza wakunga kwa yale waliyoyaona. Mafunzo hayo yakapelekwa katika vituo vya tiba 30 vya mikoa mitano, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua kwa kadiri ya asilimia 40. Majibu yalirudi penye vitanda yalikotoka.

Basi, walimu wa mitaa, mtu wenu akiletewa karatasi ile, msomeeni polepole. Imepasa iwe kwa lugha aielewayo. Mwambieni kwamba aweza kukataa, naye atatibiwa vilevile. Naye akikubali, na amwulize daktari swali lake mwenyewe: majibu yatakapopatikana, nani atayaleta Sekenke?