Nani Aanze Kuwa Mwaminifu?

Mteja anaporudi katika duka lile lile mara ya pili, ya tatu na ya ishirini, ni nini kinachomrudisha? Swali hili laonekana kuwa la wafanyabiashara peke yao, nami maisha yangu yote nimeshika chaki, sikushika mizani. Hata hivyo, kila nikilitafakari naona kuwa ndani yake mna jambo linalotuhusu sote: je, uaminifu waweza kununuliwa?

Wenye biashara kubwa wanajaribu kuununua, na hawakuanza leo. Mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ya Marekani ilianza kuwauzia wenye maduka stempu za kuwapa wateja wao. Mteja alizibandika katika kijitabu, na vijitabu vilipojaa alivibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines likaanza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri ili wapate tiketi za bure. Mwaka 1995 maduka ya Tesco ya Uingereza yakatoa kadi iitwayo Clubcard. Jirani zetu wa Kenya nao, tangu mwaka 2007, wanazijua Bonga Points za Safaricom, ambazo mteja huzikusanya kwa kadiri anavyotumia simu yake. Sura ni mbalimbali, lakini ahadi ni moja: nunua kwangu tena, nami nitakukumbuka.

Mipango ya namna hii ina nguvu yake. Mwaka 2006 watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa mahali pa kuoshea magari nchini Marekani. Wateja 300 waligawiwa kadi. Nusu yao walipata kadi yenye nafasi 8 za kugongwa muhuri, na aliyezijaza zote aliahidiwa kuoshewa gari bure. Nusu ya pili walipata kadi yenye nafasi 10, lakini nafasi 2 zilikuwa zimekwisha kugongwa. Kwa hiyo kazi ilikuwa ile ile, kulipia mara 8. Lakini katika kundi la kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19, na katika kundi la pili asilimia 34. Mtu akionyeshwa kwamba amekwisha kuianza safari, hujikaza afike.

Mimi mwalimu sikushangaa, maana mtoto ukimpa alama mbili za kuanzia huitafuta ya tatu kwa bidii. Nililojiuliza ni hili: wale wa kundi la pili walisaidiwa au walichezewa? Naona jibu liko mwisho wa kadi. Kama muhuri wa kumi ukigongwa gari litaoshwa kweli, basi wametiwa moyo tu. Kama kanuni zitageuzwa wakiwa kwenye muhuri wa tisa, wamechezewa.

Nasema hivyo kwa kuwa yamenipata.

Katika miaka ya 1990, nilipokuwa mwalimu mkuu, mishahara yetu ilikuwa ikichelewa, pengine hata nusu ya mwezi wa pili. Karibu na shule palikuwa na duka ambalo mwenyewe tulimwita Mangi, kama ilivyo desturi ya wengi kwetu. Alikuwa na daftari, na ndani yake kila mwalimu alikuwa na ukurasa: sukari, mafuta ya taa, sabuni, chumvi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari la Mangi lilitunza pia heshima yetu. Hakuwahi kunidai mbele ya wanafunzi. Siku moja nilipokwenda kulipa alinirudishia fedha kidogo, akasema, "Mwalimu, mwezi uliopita nilikuandikia kilo moja ya sukari mara mbili." Mimi sikuwa nimeliona kosa hilo, wala nisingeliona kamwe.

Baada ya kustaafu kwangu, mjini pakafunguliwa duka kubwa lenye viyoyozi, likagawa kadi za wateja. Kila ununuzi uliingiza alama, na alama zikifika kiasi kilichotajwa mteja alipewa bidhaa bila malipo. Niliipenda kadi ile kuliko inavyompasa mtu mzima. Nilinunua sabuni ambazo hatukuzihitaji ili niongeze alama, hata mama watoto akaniuliza kama nafungua dobi. Naungama pia kwamba nilikuwa nikipita mbele ya duka la Mangi na mfuko wa watu wengine mkononi, nikitazama upande wa pili wa barabara. Naye hakuniuliza neno. Aliniamkia tu kama siku zote, "Shikamoo, Mwalimu," na shikamoo ile ilinichoma.

Alama zangu zilipotimia nilikwenda kudai haki yangu. Keshia akaniambia kwa adabu kwamba alama za mwaka uliopita zimefutwa. "Tangazo lilibandikwa, mzee." Nikatazama, kweli lilikuwepo, karibu na mlango, kwa herufi ndogo. Sheria haikuvunjwa. Lakini nilitambua kwamba kadi ile ilikumbuka nilichonunua, haikunikumbuka mimi.

Nilirudi kwa Mangi nikiwa na haya, nikamweleza yote. Alicheka, akasema, "Mwalimu, hata mimi nikisikia kuna bei nafuu kwa mwenye jumla mwingine, naenda. Ila yule aliyenikopesha mzigo wa kwanza, simwachi kwa shilingi mbili tatu."

Maneno hayo yamenifundisha kuliko vitabu. Mteja hana kosa kutafuta bei nafuu. Fedha yake ni jasho lake. Wala kurudi peke yake si uaminifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, tulirudi duka lile lile kila wiki na kupanga foleni tangu alfajiri, kwa sababu hatukuwa na pengine pa kwenda. Asiyekuwa na hiari ni mfungwa. Na yule anayerudi leo kwa kuogopa tu kwamba alama zake zitapotea hayuko mbali na hali hiyo.

Basi anayetaka mpango wake ufaulu aanze na bidhaa nzuri, maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hesabu yake iwe nyepesi, mteja aweze kuifanya kichwani. Zawadi iwe ya kufaa na iweze kufikiwa. Na baada ya watu kuanza kukusanya, asigeuze masharti, kwani ahadi ni deni, na kila alama ni deni ambalo mwenye duka amejiandikia mwenyewe. Kwa ufupi, yeye ndiye atangulie kuwa mwaminifu. Asimdai mteja kile ambacho hajampa.

Siku hizi nanunua sukari yangu kwa Mangi, ingawa bei yake imezidi kidogo. Sijui kama huo ni uaminifu au ni aibu inayojisitiri. Ninachojua ni kwamba ile kilo moja aliyoifuta daftarini bado naikumbuka, na hakuna aliyenipa kadi ya kuikumbuka.