Enyi Mama wa Isukha na Idakho, Semeni Nao

Akina mama wa Shinyalu, wa Ikolomani, wa Khayega, na ninyi mnaolea watoto mjini Kakamega: fungueni Nehemia sura ya 13. Nehemia anarudi Yerusalemu, anakuta Wayahudi waliooa wanawake wa kigeni, wakiwemo wa Ashdodi, na nusu ya watoto wao wanasema Kiashdodi, lugha ya Kiyahudi imewashinda. Akaghadhibika, akalaani, akang'oa watu nywele. Wahubiri wengi huishia kwenye hasira hiyo. Mimi namtazama yule mama wa Ashdodi, mgeni katika mji wa watu. Hekalu si lake, sheria si yake, baba wa mtoto ni Myahudi. Na bado mtoto akasema lugha ya mama!

Ikiwa yeye aliweza ugenini, ninyi mlio kwenu mnashindwaje?

Najua mnachoogopa. Mmeambiwa mtoto akizoea Kiisukha au Kiidakho, Kiingereza kitamkataa. Wengi wenu mlivishwa shuleni ile diski ya aliyesema lugha ya nyumbani, mkachapwa kwa kosa la kusema kama bibi zenu, mkaapa mwana wenu hataaibishwa hivyo. Uchungu huo ni wa haki. Lakini msiimalizie fimbo ile kazi yake! Kiswahili mtoto atakiokota akicheza, Kiingereza atakikuta darasani. Kiidakho atakipata wapi usipompa wewe? Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ikuze lugha za asili, na tunaishukuru. Ila Katiba haimbembelezi mtoto usiku.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza Isukuti, ngoma yetu, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa dharura. Kwa dharura, jamani! Ngoma zile tatu bado zinalia kwenye matanga, kubwa, ya kati na ndogo, pembe inapulizwa, mabega yanatikisika. Kisha kiongozi wa wimbo anamsifu marehemu, na mjukuu aliyetoka Nairobi anamuuliza jirani: amesema nini? Babu yake anazikwa kwa sifa asizozielewa.

Nanyi akina baba, msijifiche. Nywele alizong'oa Nehemia zilikuwa za wanaume. Wewe unayemjibu mkeo kwa Kiingereza mbele ya watoto ili uonekane msomi, unabomoa anachojenga. Na mama uliyeolewa huku kutoka Siaya au Nandi, mpe mtoto lugha yako bila haya. Ya huku atapewa na kukhu, bibi yake, na baba yake pia, mradi afungue kinywa.

Anzeni jioni hii. Unapochambua mrenda, mwite akae karibu, msemeze kwa lugha yenu. Akijibu kwa Kiswahili, usimkemee, endelea. Akikosea, asichekwe, wengi walinyamazishwa na kicheko cha shangazi. Na chakula kikiiva, mwacheni aombe yeye, kwa Kiisukha, sala iwe fupi namna gani, nanyi nyote muitikie amina.