Nyoka wa Shaba

Mahubiri mengi juu ya sanamu huanza na Baali, na msikilizaji hukaa kwa raha zake, maana nyumbani kwake hakuna Baali. Hezekia, mfalme wa Yuda, anatunyima raha hiyo. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, chasimulia kwamba alipoisafisha ibada, kati ya vitu alivyovivunja alikuwemo nyoka wa shaba. Nyoka huyo hakutoka kwa wapagani. Musa ndiye aliyemtengeneza, tena kwa agizo la Mungu, watu walipokuwa wakifa jangwani kwa kuumwa na nyoka, na kila aliyemtazama alipona. Karne kadhaa baadaye wazao wao walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ileile. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yameacha kwenda mbele zaidi yake.

Kwangu mimi, makali ya onyo yako hapo: sanamu hatari zaidi huzaliwa madhabahuni, kutokana na zawadi ambayo kweli iliwahi kumsaidia mtu. Haruni alipomsubu ndama alitangaza sikukuu ya Bwana, wala hakumtaja mungu wa Misri. Israeli walipopigwa na Wafilisti walilitoa sanduku la agano Shilo, wakaenda nalo vitani kama hirizi. Wakapigwa tena, watu 30,000 wakaanguka, na sanduku likatekwa. Walichokitafuta ni Mungu asiyeweza kusema hapana, na sanamu ndiyo hiyo, iwe na umbo au isiwe nalo. Ndiyo maana Paulo, akiwaandikia Wakolosai, aliihesabu tamaa ya mali kuwa ibada ya sanamu, ingawa haina pua wala masikio.

Leo tuna mafuta ya upako, maji, chumvi, na stika yenye picha ya mtumishi kwenye kioo cha gari. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye msongamano wa waumini waliokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Sisemi marehemu wale walikuwa waabudu sanamu. Wengi wao huenda walikuwa na shida tu. Nauliza ni mafundisho gani yaliyowafanya waamini kwamba rehema ya Mungu imemwagwa hatua chache mbele, na atakayechelewa ataikosa.

Nitajibiwa kwamba Yakobo aliagiza wagonjwa wapakwe mafuta, na kwamba leso zilizogusa mwili wa Paulo ziliponya watu Efeso. Ni kweli. Lakini Yakobo aliyaweka mafuta mikononi mwa wazee wa kanisa, pamoja na sala na kuungamiana dhambi, na hakuyapangia bei. Naye Paulo wa leso zile alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na mwiba wake mwenyewe wa mwilini haukuondolewa ingawa aliomba mara tatu. Leso ingekuwa mashine, angeanza kwa kujifuta mwenyewe.

Wapo pia wanaolitumia onyo hili kuwachapa Wakatoliki kwa ajili ya picha na sanamu za watakatifu. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ulitofautisha heshima inayotolewa kwa picha na ibada anayopewa Mungu pekee, na tofauti hiyo ni ya haki kwa anayeishika. Kanisa lenye kuta tupu laweza kumfukizia uvumba mhubiri wake.

Pingamizi linalonisumbua ni jingine: mama asiye na nauli ya kwenda hospitali, ukimpokonya kichupa chake cha mafuta, unamwachia nini? Hezekia alilijibu kwa mwili wake. Aliyekuwa amemvunja nyoka wa uponyaji aliugua karibu kufa, na hakuwa na cha kutazama. Akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, na mfalme akaongezewa miaka 15. Hatusomi popote kwamba kuna mtu aliyezihifadhi tini zile.