Shamba la mahindi nalo lina haki yake

MWANAFUNZI mmoja aliniuliza darasani: "Ustaadh, ni dhambi kutumia mbolea ya chumvichumvi?" Swali ni zuri, lakini halijagusa penye kidonda.

Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Isitoshe, hesabu nayo ina neno. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mboji iliyokauka mara nyingi ina asilimia moja hadi mbili tu. Kupata kiasi hicho hicho, mkulima anahitaji zaidi ya tani moja, na bado haitatoka yote msimu huo. Mjane mwenye ekari moja na watoto wanne, huwezi kumwambia aache urea leo, kisha wewe ukaenda zako kula ugali. Huko ni kumtwika asichokiweza.

Hata hivyo, urea inalisha mahindi, hailishi udongo. Mboji ndiyo inayoufanya udongo ushikamane, utunze maji na uwe na uhai. Anayevuna kila mwaka, akachoma mabua na kurudisha chumvichumvi peke yake, anakula mtaji wa wajukuu zake. Ardhi ni amana, na amana hairudishwi imechakaa.

Wanazuoni wetu walilijua hili. Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne ya 12, aliandika Kitab al-Filaha, na ndani yake akaweka mlango mzima wa samadi na mbolea.

Sasa, deni hili ni la nani? Nasema kwanza ni letu sisi wa mjini. Mahindi yanatoka Ruvuma, Rukwa na Mbeya. Tukishakula, mabaki ya masoko yetu ya Dar es Salaam yanaishia dampo la Pugu. Wengine tuna mashamba Kilosa au Handeni tunayoyalima kwa simu. Tunatuma pesa ya mbegu na urea, hatutumi ya vibarua wa kulundika mboji. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda mpaka Serikali ikatoa ruzuku, tulijadili bei tu. Hali ya udongo hatukuiuliza.

Basi mwenye uwezo aanze. Asichome mabua, alipie kazi ya mboji, na apunguze chumvichumvi kidogo kidogo kadiri udongo unavyopona. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mmea ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwa aliyeupanda. Tusiitoe sadaka hiyo kwa kumdhulumu anayekuja nyuma yetu.