Fuwele za Angani na Haki ya Mgonjwa

Mkonge, mmea ulioipa Ngombezi ya Korogwe sura yake, uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kwa muda mrefu nyuzi zake zilithaminiwa, na maji ya majani yake yakatupwa. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Uingereza walionyesha kuwa katika takataka ile mna hekojenini, asili ya dawa za jamii ya kotisoni. Mkonge uliota hapa. Elimu ya kuugeuza dawa ilikuwa ng'ambo, na faida ikaifuata elimu.

Leo swali la faida hiyo limepanda angani. Fuwele ni kitu ambacho chembe zake zimejipanga safu kwa safu, kama chumvi. Duniani, fuwele ikikua majini, maji yaliyo kando yake huwa mepesi, hupanda na kuleta msukosuko. Nayo fuwele nzito huzama. Katika kituo cha kimataifa, kiasi cha kilomita 400 juu yetu, mambo hayo hutulia. Si kwamba mvuto wa dunia haufiki huko. Kituo na vyote vilivyomo huanguka pamoja daima vikiizunguka dunia, hata uzito usionekane. Mwaka 2017 kampuni ya Merck ya Marekani ilijaribu huko fuwele za pembrolizumabu, dawa yake ya saratani. Zilitoka ndogo na zenye kulingana, yakaja matumaini kwamba dawa iliyokuwa ikitiwa mshipani polepole ingeweza siku moja kupigwa kwa sindano.

Je, mali hii ni ya nani? Yuko atakayesema ni ya aliyegharimu. Neno hilo lina haki ndani yake, maana asiyelipwa jasho lake harudi shambani. Lakini utulivu ule haukuundwa na mtu, na mkataba wa mwaka 1967 umetamka kuwa anga itumiwe kwa manufaa ya nchi zote. Mkulima wa Ngombezi huuza mkonge wake, wala hauzi jua lililouotesha. Hali kadhalika mwenye kampuni na auze ustadi wake na chombo chake. Gharama zikisha kurudi na ujira kulipwa, kisha bei ikazidi kumzuia mgonjwa wa Korogwe asiipate dawa, muuzaji huyo atakuwa anauza asichokitengeneza.