Kuwagawa Watoto kwa Usomaji Wao: Ni Uadilifu au ni Dhulma?

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wazazi wenye watoto katika skuli za msingi ni hili: mwalimu humpima mtoto kusoma kwake, kisha akawaweka wasiojua kusoma vyema kundi lao, na wanaojua kundi lao. Mzazi ambaye mwanawe ametiwa kundi la chini huona amevunjiwa heshima, na yule ambaye mwanawe yuko juu huona fakhari. Basi yatupasa tuulize: je, kugawa huku ni uadilifu au ni dhulma?

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika vyuo vyetu, tangu zamani za wazee wetu, mtoto hakusomeshwa kwa hisabu ya umri wake. Huyu alikuwa katika alifu na be, yule akihiji, na mwingine amekwisha kufika mbali katika juzuu. Mwalimu alimsikiliza kila mmoja peke yake, akampa somo la kesho kwa kadiri alivyolijua la jana. Wala hapana aliyesema kwamba mtoto wa alifu amedhulumiwa kwa kutochanganywa na anayekaribia kukhitimu. Kumpa kila mmoja kwa kadiri ya haja yake ndiko kumpa haki yake.

Ama kuwakusanya watoto hamsini mahali pamoja, kisha mwalimu akaenda na wale wa mbele, hiyo ni dhulma ambayo watu hawaioni kwa kuwa haina kelele. Mtoto huketi miaka mitatu au minne akiitikia pamoja na wenziwe maneno asiyoyatambua kitabuni, na kila mwaka hupandishwa darasa. Hakutengwa na mtu, lakini ameachwa.

Ushahidi wa jambo hili upo. Huko India, jumuiya iitwayo Pratham ilianza mwaka 2005 kupita majumbani na kuwapima watoto, kila mmoja peke yake, kwa karatasi nyepesi: herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi. Katika mafunzo yao watoto huwekwa pamoja kwa kile wanachoweza kukisoma, si kwa darasa lao, na huhamishwa kila wanapoendelea. Na hapa kwetu Kenya, kuanzia 2009, Uwezo nao walikuwa wakiwapima watoto majumbani kwa njia iliyo karibu na hiyo.

Tena mwaka 2005, magharibi ya Kenya, ulifanywa uchunguzi katika skuli 121 zilizopewa mwalimu wa ziada. Katika baadhi yao darasa la kwanza liligawanywa mafungu mawili kwa kujua kwao, na katika nyengine watoto walichanganywa. Khabari zake zilichapishwa mwaka 2011: waliogawanywa waliwapita waliochanganywa, wa fungu la chini na wa fungu la juu pia. Na lililo kubwa kwetu ni kwamba walimu waligawanywa kwa kura, wala fungu la chini halikuachiwa mwalimu aliyekataliwa na wengine.

Lakini mizani hiyo hiyo huweza kutumiwa kwa dhulma. Mwaka 1970, mtaalamu wa Marekani, Ray Rist, alieleza aliyoyaona katika skuli moja ya mjini. Siku ya nane tu tangu watoto wadogo kuanza masomo, mwalimu alikwisha kuwagawa katika meza tatu, na hakuwa amewapima kusoma. Waliovaa vizuri, walio nadhifu na wenye maneno mazuri walikaa karibu naye, na mafunzo mengi yakawa yao. Walipofika darasa la pili mgawanyo ulikuwa ungali ule ule kwa sehemu kubwa, na kundi la chini likaitwa kwa jina la wale watu wa kuchekesha katika sarakasi. Hapo hakikupimwa kichwa cha mtoto, ilipimwa nguo yake. Kisha kipimo kikageuzwa kuwa hukumu.

Basi tofauti ni hii. Lugha yetu yajua kupambanua baina ya kusema "hajui" na kusema "hajajua". Neno la kwanza lafunga mlango, na la pili lauacha wazi. Kipimo cha haki humruhusu mwalimu kusema "hajajua", wala hakimruhusu kusema zaidi ya hapo.

Kwa hivyo twaona kugawa hakuwi uadilifu ila kwa masharti. Kwanza, mtoto apimwe kusoma kwake, si hali ya wazazi wake. Na apimwe kwa lugha anayoifahamu pia, kwani asomaye Kiswahili vizuri akakwama katika Kiingereza amepungukiwa na lugha, hakupungukiwa na kusoma. Pili, pasipimwe kutamka peke yake. Sisi twajua vyema kwamba mtu aweza kutamka ukurasa mzima asifahamu maana yake. Tatu, apimwe tena baada ya wiki chache, na anayestahiki kuhama ahamishwe. Nne, kundi la chini lipewe mwalimu hodari, kwani dawa hupelekwa kwa mgonjwa.

Huenda mtu akasema: hata msipolipa kundi jina baya, watoto wenyewe wajua nani yuko chini. Tutamjibu: ni kweli, na wangejua hata wangechanganywa, maana asiyeweza kusoma hujijua kabla ya kujuliwa. Asilolijua ni kama sisi tumemkatia tamaa au hatujamkatia. Hilo hulisoma katika nyuso zetu kabla hajaweza kusoma kitabu.

Nasi wazazi tunayo sehemu yetu. Mtoto akirudi na karatasi yake, twamuuliza kwanza, "Umekuwa wa ngapi?" Swali hilo latwambia amempita nani, wala halitwambii anajua nini. Aweza kuwa wa kwanza miongoni mwa wasiojua, na aweza kuwa wa mwisho miongoni mwa hodari. Ni bora tumpe kitabu, tumwambie, "Nisomee," kisha tumsikilize mpaka mwisho.